Tiba mtandao kwa wagonjwa wa kisukari vijijini: tuanze na nesi wa zahanati, programu ya simu ije baadaye

Tabibu_Kusini (mleta mada)

Habari za jioni wakuu.

Mimi ni tabibu, nimezunguka vituo vya afya vya mikoa ya kusini kwa muda mrefu, na kliniki ya kisukari ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Nimeleta mada hii kwa sababu kila msimu unaletwa mradi mpya wa tiba mtandao, watu wanapiga picha, vishikwambi vinagawiwa, halafu baada ya muda vipo kabatini na mgonjwa yuko palepale. Naamini kabisa kwamba simu inaweza kuokoa miguu na macho ya wagonjwa wetu. Ndiyo maana inaniuma tunapoanzia sipo.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa mgonjwa wa kisukari wa kijijini, tiba mtandao yenye manufaa ni ile inayomuunganisha nesi au tabibu wa zahanati na daktari bingwa, siku na saa inayojulikana, namba za sukari za mgonjwa zikiwa mezani. Programu ya kupakua anayopewa mgonjwa ahangaike nayo mwenyewe ije baadaye, hayo mengine yakishasimama.

Tazameni hali ilivyo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kisukari kwa asilimia 9.1 ya Watanzania wenye miaka 25 hadi 64. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba Afrika ina watu wazima milioni 24 wenye ugonjwa huu, na asilimia 54 kati yao hawajijui. Asiyejijua hawezi kupakua programu ya kisukari. Atagunduliwa na nesi aliyempokea kwa ajili ya jipu lisilopona, au fangasi zinazorudi kila mara, au kwa kulalamika kwamba anaamka usiku kukojoa hadi usingizi umekwisha. Nesi huyo akijua cha kufanya siku ile ile, tumempata mgonjwa. Akimwandikia dawa ya fangasi tu, tutaonana naye miaka mitano baadaye akiwa na kidonda cha mguu.

Sasa kwa nini kisukari kinafaa simu kuliko magonjwa mengi? Kwa sababu sehemu kubwa ya maamuzi yake inatoka kwenye namba. Sukari za asubuhi kabla ya kula za wiki mbili, dozi anayotumia, uzito, presha, hali ya figo, saa anazokula. Bingwa aliyeko Dar au Mwanza akisomewa hayo na mtu anayemfahamu mgonjwa, anaweza kusema ongeza uniti mbili za insulini ya usiku, au acha kabisa vidonge vya glibenklamidi kwa mzee huyu maana itamshusha sukari akiwa usingizini. Mgonjwa hajapanda basi, hajauza kuku wa nauli, hajalala kwa ndugu mjini akisubiri zamu yake. Na wiki mbili baadaye wanaangalia tena. Kisukari kinataka huko kuangalia tena na tena. Rufaa ya mara moja kwa mwaka haikifikii.

Mfano ninaoupenda unatoka New Mexico, Marekani, jimbo kubwa lenye vijiji vilivyo mbali na hospitali. Mwaka 2003 Dkt. Sanjeev Arora, bingwa wa ini wa Chuo Kikuu cha New Mexico mjini Albuquerque, alichoka kuona wagonjwa wa homa ya ini aina ya C wakisubiri miezi kumuona. Akaanzisha mpango wa ECHO: kila wiki anakutana kwa video na wahudumu wa vituo vya vijijini na magerezani, wanaeleza wagonjwa wao bila kutaja majina, mabingwa wanashauri, na wahudumu wengine wanasikiliza na kujifunza. Matokeo yakachapishwa mwaka 2011: waliotibiwa na wahudumu wa vijijini walipona kwa asilimia 58.2, waliotibiwa chuo kikuu asilimia 57.5. Mbinu hiyo baadaye ikaingia kwenye kisukari na magonjwa mengine mengi, na imeenea nchi nyingi. Kilichosafiri kule ni ujuzi. Mgonjwa alibaki kwao, dawa akaandikiwa na mtu anayemsalimia sokoni.

Lakini kuna jambo lazima litangulie, na hapa ndipo miradi mingi inapoangukia. Stripu za kupimia sukari. Bila stripu hakuna namba, na bila namba bingwa atashauri nini? Nimeona mashine za kupimia zikiletwa za msaada, stripu zake zikiisha hazipatikani wilaya nzima kwa kuwa kila kampuni ina stripu zake na haziingiliani. Mashine inageuka pambo. Mtu akiniuliza fedha za tiba mtandao ziende wapi, nitasema: kwanza stripu za aina moja kwa wilaya nzima, pili vidonge vya metformini na insulini visikatike, tatu muda wa maongezi na bando kwa zahanati, nne ndiyo vishikwambi.

Karibuni, hasa mlio kwenye kazi na mnaouguza nyumbani.

---

Binti_Rufiji

Ahsante kwa mada daktari. Mimi baba yangu ana kisukari mwaka wa saba huu, yuko kijijini, mimi niko Dar. Simu yake ni kitochi. Akienda kliniki ananipigia anasema "wamesema iko juu kidogo". Nikiuliza ngapi, hajui, na karatasi ameiacha. Nimemnunulia mashine lakini anapima siku akijisikia vibaya tu kwa kuwa stripu ni ghali. Nifanye nini mtu kama mimi niliye mbali?

---

Tabibu_Kusini

Dada, pole na hongera kwa kumshikilia mzee. Kupima siku za kujisikia vibaya tu hakumsaidii sana, kwa sababu sukari ya 13 au 14 (namba zangu zote ni milimoli kwa lita) wengi hawaisikii kabisa, na hiyo ndiyo inayoharibu macho na figo taratibu. Kama stripu ni chache, zipange. Wiki moja kabla ya kliniki apime asubuhi kabla ya kula, na siku mbili katika hizo aongeze kipimo cha saa mbili baada ya mlo mkuu. Aandike kwenye daftari la shule: tarehe, saa, namba, alikula nini, amemeza dawa au hapana. Kama macho yanamsumbua, mjukuu aandike. Halafu jioni mpigie akusomee zote, nawe uandike kwako. Kitochi kinatosha kabisa kwa hilo.

Kwa mtu mzima asiye mzee sana, ya asubuhi tunapenda iwe kati ya 4.4 na 7.2. Kwa mzee dhaifu tunaruhusu iwe juu kidogo ya hapo, hilo waulize kliniki yake. Mwambie pia aulizie kipimo cha HbA1c akifika hospitali ya wilaya au ya mkoa, kinaonyesha wastani wa sukari wa kama miezi mitatu, hivyo hakidanganywi na kufunga kula siku moja.

Ikishuka chini ya 3.9, au akianza kutetemeka na jasho baridi: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, anywe, apime tena baada ya dakika 15, kisha ale. Akiwa amepoteza fahamu asinyweshwe kitu. Akimbizwe hospitali.

---

Msanifu_Mifumo

Mkuu nakuheshimu, ila hapa nitatofautiana nawe. Mimi natengeneza mifumo. Nesi wa zahanati unayemtegemea anahamishwa, anakwenda kusoma, anajifungua, anaacha kazi. Ukijenga kila kitu juu yake, akiondoka umerudi mwanzo. Programu ya simu haihamishwi. Inamkumbusha mgonjwa dawa, inachora grafu, inampa elimu kwa Kiswahili, na simu janja zinashuka bei. Watoto wa hawa wazee wote wana simu janja. Kwa nini tusiwaruke wahudumu na kwenda moja kwa moja kwa familia?

---

Nesi_wa_Zamu

Msanifu, kuhusu kuhamishwa umesema kweli tupu. Lakini njoo uone zahanati yetu Jumanne. Niko mimi na mhudumu mmoja. Kliniki ya watoto, wajawazito, wagonjwa wa kawaida, na wa kisukari wanane. Kati ya hao wanane simu janja anayo mmoja, na haina bando. Wanaokuja na watoto wao ni wawili. Programu yako itamhudumia nani?

Na mimi nina langu kwa mleta mada. Hiyo simu kwa bingwa nani analipia? Tulikuwa na kundi la WhatsApp la wilaya, daktari mmoja mwema sana alikuwa anatujibu hata saa nne usiku. Bando letu, muda wake, vyote vya bure. Alipoondoka kundi likageuka la matangazo ya misiba na michango. Huduma haiwezi kusimama kwa wema wa mtu mmoja. Ule muda wa bingwa uandikwe kwenye ratiba yake ya kazi, kama anavyoandikiwa zamu ya wodi.

Kingine, mtu akisema "tiba mtandao" hapa kijijini wanaelewa kwamba utapunguziwa watumishi. Hilo nalo lisemwe wazi: ni msaada kwa nesi aliyepo. Isiwe sababu ya kutomleta mwingine.

---

Tabibu_Kusini

Nesi, umelisema vizuri kuliko nilivyolisema mimi. Saa moja kwa wiki kwenye ratiba ya bingwa, inayotambuliwa na mwajiri wake. Hapo ndipo mpango unapoacha kuwa fadhila.

Msanifu, hoja ya uhamisho naichukua. Jibu langu ni rejista. Kama kila mgonjwa ana ukurasa wake zahanati, wenye namba, dozi, tarehe ya kukaguliwa miguu na macho, na ushauri wa bingwa umeandikwa pale pale siku ulipotolewa, nesi mpya anasoma anaendelea. Mfumo wako unaweza kufanya kazi kubwa hapo: rejista ya kielektroniki inayofanya kazi bila intaneti, inatuma mtandao ukirudi, na inamwonyesha nesi ni nani hajaonekana miezi miwili. Kumtafuta aliyepotea ni nusu ya matibabu ya kisukari. Hicho kitu kikitengenezwa vizuri mimi nitakuwa wa kwanza kukitumia.

---

Umurava_KGL

Salamu kutoka Kigali, mnisamehe Kiswahili changu. Nataka kuongeza habari ya kwetu kwa sababu ni somo. Babyl, huduma ya matibabu kwa njia ya simu, ilianza Rwanda mwaka 2016. Ilitumia simu za kawaida, hata kitochi: unajisajili kwa namba fupi, nesi anakupigia, akiona lazima anakupeleka kwa daktari, dawa au kipimo unapata kwa ujumbe wa maandishi wenye namba ya siri, unaenda nayo kituo cha afya au duka la dawa. Mwaka 2020 serikali ilisaini nao mkataba wa miaka kumi, na bima ya jamii, mutuelle, ikaingizwa. Waliojisajili walipita milioni mbili. Mama yangu mdogo alikuwa akiitumia.

Mwaka 2023 kampuni mama ya Uingereza, Babylon, ikaanguka kifedha, na huduma ya Rwanda ikafungwa. Huduma ilikuwa inafanya kazi, watu wameizoea, lakini mizizi ilikuwa nje ya nchi. Mgonjwa wa homa akikosa huduma hiyo atakwenda kituo cha afya. Mgonjwa wa kisukari anahitaji mtu yule yule mwakani na mwaka wa kumi. Kwa hiyo mkianzisha, ulizeni mapema: kampuni ikifa, kumbukumbu za mgonjwa zitabaki kwa nani?

---

Msanifu_Mifumo

Hilo la kumbukumbu limenigusa. Nakubali kwamba lazima zikae kwa wizara au hospitali, na ziweze kuhamishwa.

---

Wa_Garissa

Hamjambo nyote. Hapa kwetu kaskazini mashariki ya Kenya shida kubwa haikuwa ushauri, ilikuwa insulini na joto. Kitabu kinasema chupa isiyofunguliwa ikae nyuzi 2 hadi 8. Friji ataitoa wapi mtu wa kambini au mfugaji? Kwa miaka mingi wagonjwa wa Dagahaley, kambi mojawapo ya wakimbizi ya Dadaab, walilazimika kwenda hospitali kila siku kuchomwa. Mtu wa sindano mbili kwa siku hawezi kufanya kazi wala kusoma.

Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva wakapima joto halisi ndani ya nyumba za Dagahaley, ambalo lilipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, kisha wakaipitisha insulini kwenye joto hilo hilo maabara kwa wiki nne. Matokeo yakatoka 2021: nguvu yake ilibaki sawa na ile iliyokaa kwenye baridi. Hapo ndipo mgonjwa anaweza kukaa na chupa yake nyumbani, na hapo ndipo simu inapata maana. Kama kila sindano inamtaka aende hospitali, utampigia simu ya nini?

Kwa hiyo daktari, kwenye ile orodha yako ya fedha ongeza chungu cha udongo chenye mchanga mbichi. Kinapunguza joto la ndani kwa nyuzi kadhaa, na kila mama hapa anajua kukitunza.

---

Tabibu_Kusini

Ndugu wa Garissa, naongeza, na nakushukuru. Kwetu pia tunawafundisha mtungi: chupa ndani ya mfuko wa nailoni isilowe, kivulini, tarehe ya kufunguliwa iandikwe juu yake. Chupa zilizofunguliwa tunazibadilisha baada ya wiki nne.

---

Mwalimu_Wete

Assalaam alaikum. Huku Pemba mwezi wa Ramadhani ndio wenye mtihani mkubwa. Wazee hawataki kusikia habari ya kula mchana, na kliniki wanaambiwa neno moja tu, "usifunge", basi wanafunga kimyakimya na dawa wanazipanga wenyewe. Kuna njia ya simu kwa hili?

---

Tabibu_Kusini

Waalaikum salaam mwalimu. Ipo, na imeshafanyika Afrika. Senegal mwaka 2014, chini ya mpango wa Shirika la Afya Duniani na Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, walituma ujumbe mfupi wa simu kwa wenye kisukari kabla ya Ramadhani, wakati wa mfungo na baada yake: unywaji wa maji, mlo wa futari, lini uvunje saumu. Ujumbe mfupi unaingia kwenye kitochi, hauhitaji bando, na imamu anaweza kuusoma msikitini.

Ila ujumbe wa jumla hautoshi kwa anayetumia insulini au dawa zinazoshusha sukari kwa nguvu. Huyo azungumze na kliniki mwezi mmoja au miwili kabla, dozi ipangwe upya kufuata daku na futari. Wapo ambao tutawaomba wasifunge: wajawazito wenye kisukari, wenye figo zilizochoka, waliowahi kuzimia kwa sukari kushuka karibuni. Anayefunga apime mchana, na wanazuoni wengi wamesema kutoboa kidole hakufunguzi. Ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6, afungue papo hapo. Hizo namba mbili zikibandikwa msikitini na zahanati zitaokoa watu.

---

Mchagga_Halisi

Hamjagusa macho. Bibi yangu alipoteza jicho moja kabla hatujaambiwa kwamba kisukari kinaharibu macho bila maumivu. Kuna huduma ya simu ya macho?

---

Tabibu_Kusini

Pole sana ndugu. Kwenye macho ndiko ninakoona njia hii inafaa mno. Kinachohitajika ni picha ya retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga. Fundi aliyefundishwa anaipiga, msomaji aliye mbali anaisoma, na ni wachache tu wanaoitwa hospitali kwa matibabu ya leza au sindano. Kwenu huko hospitali ya KCMC Moshi wamewahi kuendesha mpango wa kuizungusha kamera kwenye kliniki za kisukari za mkoa wa Kilimanjaro. Kazi ngumu ikawa kuwafikisha walioitwa hadi kwenye matibabu. Picha bila nauli ya kwenda kutibiwa inamwachia mgonjwa hofu tu.

Miguu nayo: piga picha ya kidonda, weka rula pembeni, tuma. Lakini picha haioni ganzi. Lazima nesi avue viatu vya mgonjwa, aguse nyayo, apapase mapigo ya damu juu ya mguu. Dkt. Zulfiqarali Abbas, bingwa wa kisukari na miguu wa Dar es Salaam, na mradi wa Step by Step ulioanza mapema miaka ya 2000 hapa na India, walionyesha kwamba manesi na matabibu wa kawaida wakifundishwa kukagua na kuhudumia miguu, wanafanya kazi ya maana sana. Simu ije juu ya mikono hiyo.

---

Mama_Wawili

Naomba kuuliza haraka. Mtoto wa jirani ana miaka tisa, anatumia insulini. Juzi mashine iliandika HI, anatapika, anapumua kwa nguvu. Mama yake akawa anamtafuta daktari kwa simu zaidi ya saa nzima. Alifika hospitali amechoka sana, sasa anaendelea vizuri. Je, alifanya sawa kupiga simu?

---

Tabibu_Kusini

Mama, namshukuru Mungu mtoto yuko salama. Mashine nyingi zikiandika HI maana yake sukari imezidi 33.3, haiwezi kuisoma. Kutapika, maumivu ya tumbo, pumzi nzito, mdomo unaonuka kama matunda yaliyoiva sana, usingizi usio wa kawaida: hiyo ni dharura. Tafuta usafiri kwanza, simu ipigwe mkiwa njiani, na kazi yake iwe kuiambia hospitali ijiandae. Na mkifika semeni "ana kisukari" kabla ya neno jingine lolote, kwa sababu watoto wa namna hii huanzishiwa dawa za malaria huku saa zikienda. Kwa maswali yasiyo ya dharura, namba 199 ya Wizara ya Afya ni bure.

---

Nesi_wa_Zamu

Swali la mwisho kwangu. Tukituma hizi picha na namba kwenye makundi, sheria inasemaje?

---

Tabibu_Kusini

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya zimo kwenye zile nyeti. Muombe mgonjwa ruhusa na uandike kwamba amekubali. Usitume jina, sura wala namba ya simu. Tumia umri, jinsia na namba yake ya rejista. Ukishajibiwa, hamishia ushauri kwenye ukurasa wake kisha ufute picha kwenye simu yako.

Karatasi ninayotumia kabla ya kumpigia bingwa ina mistari hii: umri na uzito, mwaka alipogunduliwa, dawa na dozi, sukari saba za asubuhi, presha, protini kwenye mkojo, miguu imekaguliwa lini, macho yamepigwa picha lini, na swali moja ninalotaka lijibiwe. Nesi, niandikie kwa ujumbe wa faragha nikutumie, uiboreshe kwa mazingira yenu. Msanifu, nawe ukiitaka kwa ajili ya ile rejista, niambie.